Biddy na Bakuli la Samaki

Kama kuna kiumbe kilicholetwa duniani kupima subira ya mtu, basi ni fereti aliyetoka kukatwa mguu.

Daktari Tamsin alinipa maagizo mepesi kabisa. Mgonjwa akae kwenye kizimba kidogo. Asipande, asiruke, asichimbe. Asilambe nyuzi. Ale vizuri. Niliyasoma ndani ya gari, nje ya kliniki, nikacheka peke yangu kama mwehu. Yeyote anayemjua fereti, kicheche huyu wa kufugwa wa kuwindia sungura, anajua kwamba ukimwondolea kupanda, kuruka na kuchimba, kinachobaki ni kuuma. Yule daktari ni msichana mwema, lakini nadhani nyumbani kwake anafuga samaki.

Alimvalisha Biddy koni ya plastiki shingoni ili asifikie mshono. Koni hiyo ilidumu mpaka tulipofika kwenye mzunguko wa kutokea mjini. Shingo ya fereti ni nene kama kichwa chake, akirudi kinyumenyume mara moja tu, kitu chochote ulichomvisha kinabaki sakafuni. Nilipofika nyumbani Creswick koni ilikuwa chini ya kiti, na Biddy, mwenye mguu mmoja wa mbele badala ya miwili na akili iliyojaa dawa ya usingizi, alikuwa amejikunja ndani ya mkoba wangu juu ya leso.

Nikakata mkono wa sweta la zamani, nikatoboa tundu la mguu uliobaki, nikamvalisha kama soksi. Alilichukia. Alitembea nalo akiangukia upande wa kulia, anainuka, anaanguka tena, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfanyia hivyo. Na aliyemfanyia alikuwa sebuleni, anatazama mpira.

Baba yangu, Clarrie Pascoe, amewinda sungura kwa fereti tangu alipokuwa na meno ya utoto. Bonde zima linamjua. Anatega nyavu kwenye midomo ya mashimo, anamwingiza Biddy, anasimama kimya, na sungura wanatoka mbio na kunasa. Safari nyingine fereti anamkamata sungura hukohuko ndani na kukaa naye. Hapo unatafuta kwa kifaa kinachosikiliza kola yake ya redio, unajua yuko wapi na kina gani, unaanza kuchimba. Na kuna sheria moja ambayo baba amewafokea nayo vijana wote wa bonde hili: shubiri ya mwisho haichimbwi kwa beleshi. Unatupa beleshi, unapiga magoti, unachimba kwa mikono.

Asubuhi ile kulikuwa na barafu juu ya majani. Vidole vya baba vina baridi yabisi, havikunjiki vizuri. Shubiri ya mwisho akachimba kwa beleshi.

Alimleta Biddy nyumbani ndani ya kofia yake, mguu wa mbele unaning'inia. Kliniki aliongea mara moja tu. "Mdunge alale moja kwa moja, daktari. Fereti wa miguu mitatu hana kazi." Mimi ndiye niliyesema mguu ukatwe, apone. Tangu saa ile baba hakumtazama Biddy tena. Hakuingia chumba cha kufulia, nilikoweka kizimba. Alihamishia hata mswaki wake jikoni, maana kwenda bafuni kunapitia pale. Mabuti yake ya kuwindia alikuwa ameyavulia chumba hicho cha kufulia siku ile ya ajali, karibu na mlango wa nyuma, na hapo yakabaki na udongo wake.

Basi nikawa muuguzi peke yangu. Asubuhi dawa ya maumivu, anaitema. Naichanganya na mafuta ya samaki, analamba mafuta, anaitema dawa. Sijui anatenganishaje. Namfunga kwenye taulo, namfungua mdomo, naminya bomba la sindano, dawa inaishia kwenye sikio langu. Halafu kubadilisha matandiko, maana fereti hajisaidii pale unapotaka, anajisaidia kwenye kona anayoitaka yeye, na Biddy sasa alikuwa hawezi kujishikilia vizuri, akiinua mkia anapinduka. Nilimwinua nikamfuta tumbo mpaka mgongo wangu ukalia.

Na chakula. Hapo ndipo paliponitoa machozi.

Baba ana mambo yake ya kizee, na mojawapo ni kwamba hajawahi kumwekea Biddy chakula kwenye chombo. "Bakuli ni la paka," husema. Fereti wake anakula kutoka mkononi mwake, nje, baba amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mabuti miguuni. Kwanza kipande cha ini, halafu vingine. Tangu Biddy alipokuwa mdogo kama kidole ilikuwa hivyo, siku ya kuwinda na siku isiyo ya kuwinda. Mimi niliona ni madaha tu ya mzee asiye na mke wa kumdekeza. Sasa mzee amesusa, na mimi sina muda wa kukaa juu ya ndoo kwenye baridi. Nikanunua bakuli zuri la udongo lenye picha ya samaki. Kila mlo nilimtoa Biddy kizimbani, nikaweka bakuli sakafuni mwa chumba cha kufulia, nyama ya sungura nimeikata vipande laini, nikafunga mlango nimwachie nafasi ale kwa amani.

Nikirudi, bakuli tupu. Nafurahi. Namsifu, mwanamke mzuri wewe, mwanamke hodari. Halafu nampima kwenye mizani yangu ya unga, na amepungua.

Nikaongeza nyama. Bakuli tupu. Amepungua tena. Mbavu zikaanza kuonekana chini ya lile sweta. Nikawa namnywesha supu ya kuku kwa bomba, nusu inaingia na nusu inabaki kwenye nguo zangu, na nadhani ni hiyo nusu tu iliyomweka hai.

Juu ya hayo ikaja harufu.

Fereti ananuka, hilo tunalijua, anayefuga fereti ameshazoea. Hii ilikuwa nyingine. Tamu kidogo, nzito, inakaa kooni. Wa kwanza kuisema alikuwa baba, akiwa mezani na mkate wake.

"Kuna kitu kinaoza humo ndani," alisema, bila kugeuza shingo upande wa chumba cha kufulia.

"Hakuna kinachooza, baba. Jeraha ni safi, nalisafisha kila siku."

"Nasema ninachonusa."

"Basi ingia ukanuse kwa karibu."

Akachukua chai yake akaenda sebuleni. Nilitamani kumrushia sahani. Lakini alikuwa ameshaniweka wasiwasi. Nikamvua Biddy sweta, nikaukagua ule mshono kwa tochi, bega zima, kila uzi. Ulikuwa mwekundu kidogo, mkavu. Nikainusa ngozi yenyewe. Dawa tu. Hata hivyo sikulala vizuri, na Ijumaa nikampeleka kliniki.

Daktari Tamsin alimgeuzageuza, akasema jeraha limefunga vizuri kuliko alivyotarajia. Kisha akamweka kwenye mizani na uso ukambadilika.

"Merryn, anakula kweli huyu?"

"Anamaliza bakuli. Kila mara."

"Kama anamaliza bakuli na anakonda hivi, kuna kitu kingine ndani. Uvimbe, labda. Kwa hali hii siwezi kumpasua tena, hataamka." Alimpapasa kichwani kwa kidole kimoja. "Mlete Jumatatu. Akiwa amepungua tena, itabidi tumpumzishe. Si haki kumrefushia mateso."

Nilirudi nyumbani nikiendesha kama mlevi. Nilikuwa na hasira na daktari, na mizani, na huyu mnyama anayekula chakula changu na kukataa kukitumia. Zaidi ya wote nilikuwa na hasira na yule mzee mbele ya televisheni, kwa sababu nilipomwambia habari ya Jumatatu alisema, "Si nilisema mwanzoni," kisha akaongeza sauti ya mpira.

Jumamosi nilifanya kila nililoweza. Ini la kuku, moyo wa ng'ombe. Bakuli tupu. Bakuli tupu. Jioni mizani ikanijibu vilevile.

Jumapili kabla ya chakula cha mchana alikuja Nev Trewin, mwenzake baba wa kuwinda, mtu mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Alikuwa ametoka kuwinda na fereti wake, sungura wanne wako nyuma ya gari, na alikuja kama anavyokuja kila Jumapili kumchokoza baba.

"Clarrie! Bado unaatamia hicho kiti? Yai halijapasuka tu?"

"Niache, Nev."

"Nikuache uote mizizi? Mashimo ya shambani kwa Hocking yamejaa sungura mpaka wanapeana zamu kutoka. Vaa twende mchana."

"Sina fereti."

"Unaye. Yuko hapo nyuma ya ukuta tu. Merryn, mwambie baba yako ana fereti."

"Nimemwambia mpaka ulimi umeota sugu," nilisema. Nilikuwa nimesimama jikoni na bakuli la samaki mkononi, tupu kama siku zote. "Ana fereti ambaye kesho anachomwa sindano ya mwisho, na hajaenda hata kumwambia kwaheri. Anamngojea afe ili asimwone tena akichechemea. Ndiyo raha yake."

"Merryn," alisema Nev kwa upole.

"Usiniite Merryn! Nimenyweshwa dawa kuliko mgonjwa. Nimeumwa vidole vyote. Sina nguo isiyonuka supu. Na yeye anakaa pale anasema kuna kitu kinaoza. Unajua kinachooza humu ni nini, baba? Ni wewe!"

Baba alizima televisheni. Alikaa na rimoti mapajani.

"Nikimwona," alisema, "nasikia lile beleshi. Lilivyogota. Nilijua palepale si jiwe." Aliiweka rimoti chini. "Alikuwa anakuja kwangu, Nev. Alisikia nachimba, akaacha sungura, akawa anakuja juu. Alizoea mikono."

Nev alivua kofia yake.

"Sitachimba tena," baba akaendelea. "Chukua nyavu zangu, chukua kifaa. Chukua na mabuti, ni mapya bado, mguu wetu ni saizi moja. Yako mle ndani. Nenda kajaribu."

"Sitaki mabuti yako, Clarrie."

"Chukua, nimesema!"

Nev akanitazama, mimi nikainua mabega. Wakati mwingine mtu mzima unamwacha afanye analotaka ili anyamaze. Nikafungua mlango wa chumba cha kufulia. Biddy alikuwa nje ya kizimba bado, nilimwacha baada ya chakula, amelala kama tambara katikati ya yale mabuti mawili. Alikuwa analala hapo siku zote nikimwacha wazi. Nilidhani anapenda joto la bomba la maji linalopita ukutani. Nikambeba, akawa mwepesi mkononi kama glavu tupu.

Nev akaketi kwenye kiti cha jikoni, akavuta buti la kushoto, akasukuma mguu.

Akaacha. Uso wake ukawa na mambo mengi kwa pamoja.

"Clarrie," alisema taratibu, "kuna kitu humu. Ni laini. Na kimenipokea."

Akautoa mguu, na ile harufu ikasimama katikati ya jikoni kama mgeni. Soksi yake ilikuwa imeiva rangi ambayo sitaisema mbele ya watu wanaokula. Nikanyakua buti, nikaligeuza juu ya gazeti la jana, nikalikung'uta. Vikatoka vipande vya sungura. Ini la kuku. Moyo wa ng'ombe, vipande vizima kama nilivyovikata. Vingine vimekauka, vingine kijani, vyote vimepangwa na kusindikwa mpaka kwenye vidole. Chakula chote nilichompa mnyama yule tangu atoke kliniki, na hakuna kipande chenye alama ya jino, isipokuwa pale alipokishika kukibeba.

Kukibeba. Kwa miguu mitatu, akianguka, akiinuka, kutoka bakuli mpaka mlangoni, kisha juu ya buti refu kama yeye.

Ningependa kusema niliguswa. Ukweli ni kwamba nilikasirika mpaka masikio yakavuma. "Mwizi wewe!" nilimfokea Biddy usoni. "Mchawi! Nakufa na wewe hapa, nakukatia nyama kama mtoto mchanga, na wewe unaficha kwenye viatu! Kwa nini huli? Kwa nini huli, mjinga wewe?"

Biddy alipiga miayo.

"Yuko kazini," alisema Nev, akijifuta mguu kwa kitambaa changu cha vyombo. "Fereti wangu naye huficha, ila kisha hurudi kula. Huyu kafanya ghala tu."

Baba alikuwa amesimama mlangoni pa sebule. Alikuwa anaangalia ile nyama juu ya gazeti, kisha buti, kisha, kidogokidogo, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha maiti, akamwangalia Biddy. Sweta. Upande ulio mtupu. Mbavu.

"Ulimpaje?" aliniuliza.

"Kwenye bakuli. Ningempaje?"

"Kwenye bakuli," alirudia. Akaja akalishika lile bakuli la samaki, akaligeuza, akaliweka mezani. "Ananiletea ili nimpe kwa mkono," alisema. "Anadhani niko humo kwenye buti."



"Nev," alisema baba, "una sungura wa leo?"

"Wanne. Wawili bado wana joto."

"Lete mmoja."

Akalichukua buti la kushoto kama lilivyo, nikasema baba ngoja nilioshe, hakunisikia, akaingiza mguu kwenye ule uozo, akaingiza na wa kulia kwenye jingine, akafunga kamba kwa vile vidole visivyokunjika huku mimi nikihangaika kutomsaidia. Akatoka nje kwenye baridi, akapindua ndoo, akakaa. Nev alimletea sungura. Baba akampasua pale pale kati ya mabuti, akatoa ini, likafuka mvuke.

"Mweke chini," aliniambia.

Nikamweka Biddy kwenye majani. Alisimama, akayumba. Kisha pua ikainuka. Alianza kwenda, kile kimwendo chake kipya cha kuruka na kuanguka, na alipoanguka niliinama kumwinua, baba akasema, "Acha." Akainuka mwenyewe. Akaanguka tena karibu na ndoo, na safari hii baba hakuvumilia, akashusha mkono mtupu kumkinga.

Biddy akaugeukia ule mkono na kuuma kidole gumba.

Hakuuma kwa mzaha. Alizamisha meno yote, akafumba macho, akaning'inia. Baba alitoa sauti kama aliyekanyagwa na ng'ombe. Damu ikashuka mpaka kwenye kifundo. Mimi nilikuwa tayari nimefungua bomba la bustani, maana fereti aliyeng'ang'ania humwachishi kwa nguvu, unammwagia maji puani.

"Usimguse!" alisema baba.

"Anakumaliza kidole!"

"Funga hilo bomba, Merryn. Mwache amalize."

Alikaa juu ya ndoo meno yanamgongana, machozi yanamtoka waziwazi mbele ya Nev Trewin, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha wowote. Ini bado lilikuwa kwenye mkono mwingine, baba amelinyoosha, halitetemeki. Nadhani alikuwa akimwambia kitu, midomo ilikuwa inacheza, ila sikusikia, na sikumuuliza baadaye.

Hatimaye Biddy aliachia. Alilamba damu mara mbili, kama anayeonja. Kisha akanyoosha shingo, akachukua ini kutoka kwenye vidole vya baba, akazunguka nalo nyuma ya kisigino cha buti la kushoto, akaketi pale kwa miguu yake mitatu. Tukasikia anatafuna.

Baba alichukua kipande kingine, akakiteremsha bila kugeuka. Kikapokelewa.

Nilikwenda ndani kuleta bandeji. Niliporudi kidole kilikuwa kinachuruzika bado juu ya suruali yake ya Jumapili, na ule mvuke wa sungura umeisha, na baridi imeanza kumpanda mzee mpaka masikio yamekuwa mekundu. Nikamwambia aingie ndani, nimfunge hilo jeraha, kisha nimtupie na hayo mabuti kwenye pipa kabla hatujafa sote.

"Sema polepole," alisema baba. "Bado anakula."